Chupa ya Mchanga

Asubuhi Zawena alikataa kukimbia na wenzake, eti tumbo linamuuma. Hata peremende ya Mwalimu Kibwana haikumtoa kivulini.

Jioni mwalimu alimkuta nyuma ya madarasa akicheza rede. Wenzake wawili walimrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili, naye akaukwepa, akaruka, akajipinda, huku akijaza chupa mchanga. Jasho linamtiririka, kicheko hakimwishi. Mwalimu alisogea karibu. Kumbe mtoto huyu ni mwepesi hivi!

"Zawena, tumbo limepona?"

Akageuka. Mpira ukamgonga mgongoni.

"Umenisemesha, mwalimu, nimepigwa, nimetoka! Sasa ingia wewe, unijazie chupa."

Mwalimu akavua viatu, akainama kuchota mchanga. Mpira ulikuwa tayari hewani.