Pamba ya Nusu Saa

Siwema aliitua cherehani ya marehemu mama yake mlangoni mwa kliniki ya meno. Mnunuzi alikuwa anaingoja sokoni, na fedha zake zingetosha mafunzo ya usaidizi wa daktari wa meno. Ila kabla ya kuiachia, alitaka kumuuliza mtu anayeifanya kazi hiyo.

"Ada itaimeza cherehani yote, mdogo wangu," alisema Tunu, msaidizi wa daktari, akivua glovu. "Mshahara ni mdogo, lakini hauchelewi. Miaka miwili hivi utakuwa umeirudisha."

"Na kazi yenyewe?"

Tunu alifikiri kidogo. "Kutwa nzima watu wanakupanulia vinywa, na hakuna anayezungumza nawe."

Tangu Siwema amzike mama, nyumbani kwake ilikuwa ikiongea cherehani tu.

Mzee mmoja akatoka chumba cha daktari, shavu limevimba, hana wa kumsindikiza. Tunu akamketisha kwenye benchi kando ya Siwema.

"Babu, uma pamba nusu saa, usiseme neno. Damu ikikata, iteme pamba uende zako." Kisha akarudi ndani.

Mzee akaitazama cherehani, akamtazama Siwema, akainua nyusi. Siwema akaanza kumweleza habari za mama, za nguo za sikukuu, za ada. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa.

Tunu alipotoka kwenda kula chakula cha mchana, nusu saa ilikuwa imekwisha zamani. Siwema alikuwa bado anasimulia, mkono juu ya cherehani, na mzee alikuwa bado ameuma pamba.