Ufa wa Bawa la Kushoto

Siku aliyomfukuza fundi kwa sababu ya ile ajali ya ndege, bosi alimtupia boksi la vipande vya kuunga ndege ndogo ya plastiki, ya kuchezea. "Hii hata ikianguka haiui mtu," akacheka.

Ilikuwa takataka tupu: mabawa yamepinda, mapengo ya kupita mende. Fundi aliyanyoosha kwa maji moto, akaziba, akapiga msasa mpaka ikawa laini kama yai.

Leo bosi amekuja nyumbani kwa fundi na karatasi ya kumtaka asaini kwamba ajali ilikuwa kosa lake. Akaiokota ile ndege, akaipapasa. Kidole kikanasa kwenye bawa la kushoto.

"Kazi yote hii, fundi, halafu ufa umeuacha?"

"Nimeuchora mwenyewe kwa sindano, mzee. Palepale nilipokuonyesha kwenye ile ya kweli kabla haijaruka, ukaniambia niuache."