Kichupa Kilichompisha Nguru

Kila asubuhi, mlango wa nyumba haukuwa ukifunguka kabla kila mtu hajatema mate kwenye karatasi yenye tone la kingamwili. Ikigeuka buluu, basi protini inayonyamazisha jeni ya ghadhabu iko kazini mwilini, na mlango unakuruhusu kutoka.

Kama kawaida yake, mama mkwe wa Zamaradi alikuwa amekitoa kichupa cha kingamwili kwenye friza ili kumpisha nguru.

"Mama, nimesema mpaka nimechoka! Kikiyeyuka kinaharibika!"

"Na nguru akioza, tutakula karatasi?" mkwewe akajibu, akinoa kisu.

Zamaradi akaibwaga karatasi yake, ambayo hajaitemea mate, juu ya samaki. Ikageuka buluu. Mlango ukafunguka.

"Hata samaki! Sasa miaka yote hii nani alikuwa ametulia kweli?"

"Mimi sijatulia hata siku moja, mwanangu," mkwewe akasema, bila kuacha kunoa.