Gauni Lililolegezwa

"Chelewa chelewa, utamkuta mwana ni wako," fundi cherehani alisema, akiipindua methali kama anavyopindua pindo.

Dada yake hakucheka. Alikuwa amekuja tena kumsihi aende hospitali, maana mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa hauinuki. Hata kitambaa mezani alikivuta kwa meno.

"Nimalize sare za shule kwanza, dada."

"Sare hizo zitakuvisha sanda, mdogo wangu."

"Basi na sanda nitashona mwenyewe. Sitaki kuzikwa na mshono mbovu."

Dada alimlaumu wakala wa bima. Tangu wakala huyo aingie duka hili, fundi alijiona amevaa ngao. Siku ile wakala alipokuja dada alikuwepo, akimtania fundi aliyekuwa analegeza gauni lake mwenyewe kwapani: "We vipi, unanenepa upande mmoja?" Ndipo wakala akabisha hodi.

"Ukipatwa na ugonjwa mkubwa, mama, kampuni inakulipa kwa mkupuo," wakala alieleza. "Ila ukigundulika ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hupati kitu. Una ugonjwa wowote?"

"Ninao. Wateja wasiorudi kuchukua nguo zao."

Walicheka wote watatu. Fundi akatia saini bila kuuliza swali, na dada alimwelewa. Ugonjwa wa mama yao ulikula nyumba kwanza, kisha ukamla mama. Fundi alikuwa mjane, na binti yake ndio kwanza alikuwa ameanza sekondari.

Sare zilipokwisha, fundi alikunja futi yake, akafunga duka, akaenda hospitali bila kusukumwa.

Daktari alisoma majibu, akayarudia, kisha akavua miwani.

"Hili titi ungelileta miezi mitatu nyuma, tungeuwahi ugonjwa. Sasa umeingia kwenye mifupa."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, dada alilia mpaka kanga ikalowa. Fundi alinyoosha pindo la gauni lake kwa kucha.

"Yule wakala!" dada alifoka. "Amekupumbaza na bima yake, ukakaa na kifo ndani ya nguo bila kujua! Nani alimwita dukani kwetu?"

"Mimi, dada. Nilimwita siku nilipougusa uvimbe, nikahesabu miezi yake mitatu. Mwana utamkuta darasani, na msamaha siombi."