Picha kwa Picha

Hapa Hanoi, ukimpiga picha mpita njia, sheria inampa naye haki ya kuchungulia sebule yako kwenye simu yake kwa dakika moja. Wewe mwenyewe huoni kitu. Kamera ya sebuleni tulifungiwa nyumbani Korogwe kabla sijasafiri, na mama alinuna.

"Mimi si sinema, Mwanahawa!"

Siku yangu ya pili hapa, waliochungulia waliniambia alikwisha kuvaa kanga mpya, anawakaribisha chai. Nikazoea: napiga picha, watu wanachungulia, wanacheka, wanampungia mkono.

Leo mchana nilimpiga picha mama mmoja muuza supu ya tambi, mvuke umemfunika mpaka kidevuni. Akatazama simu yake. Hakucheka.

"Yule bibi aliyelala sakafuni," kifaa changu kikanitafsiria, "anaumwa?"

Nikapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Jirani naye hapatikani.

Nikainua kamera. Nikampiga picha mwenye pikipiki, muuza maua, bwana mwenye mwavuli, yeyote aliyepita, nikimkimbilia kila mmoja kabla dakika yake haijaisha.

"Mwangalie vizuri, tafadhali. Ameinuka?"