Meno ya Vendelín

Meno ya mume wangu hukaa kwenye mkoba wangu. Ni manne ya mbele, ya bandia, yamefungwa kwenye leso. Kila mechi ya hoki ya barafuni Vendelín huyatoa kabla ya kuingia kwenye barafu, na king'ora cha mwisho kikilia namrudishia.

Leo kimelia na maisha yake ya uchezaji yakaisha. Jezi yake ilikuwa inapandishwa hadi chini ya paa la ukumbi, heshima ya kumuaga mchezaji, na huku kwetu Slovakia ikishatundikwa haishushwi tena, na kamera za televisheni zilikuwa zinamsogelea. Nikashuka mbio hadi ukingoni.

"Wewe bwana, meno! Usinitie aibu, mama yako anaangalia."

Akateleza taratibu mpaka pale nilipokuwa nimesimama, akanifumba kiganja kwa mkono wake wenye kidole kilichopinda.

"Kaa nayo. Ya kweli niliyaacha hapa hapa, kwenye barafu hii. Waache wayaone mapengo."

"Mbona kwenye picha ya harusi ulifumba mdomo?"

"Siku ile nilikuwa nakuogopa wewe."

Akaugeukia ukumbi mzima, akacheka kinywa wazi. Watu wakalipuka kwa shangwe.

Nahodha wa wapinzani, yuleyule aliyemng'oa mawili kwa fimbo, akavua glovu, akatia vidole mdomoni, akayatoa ya kwake. Nyuma yake mwingine. Kisha mwingine.

Nahodha akaja moja kwa moja kwangu, mkono mbele, mapengo nje.

"Shemeji, nishikie."

Nikaupanua mkoba.