Sanduku Lililokuwa Jepesi

Mji ukiwaka moto nyuma yao, Hashabia na Walawi wenzake watatu walipanda mlima na Sanduku la Agano mabegani, limefunikwa nguo ya samawi. Ghafla mzigo ukawa mwepesi.

“Ndugu zangu, mnahisi ninachohisi?” aliuliza Hashabia.

“Hata mimi,” alijibu Yeieli, mkubwa wao.

Wakalitua. Njia nzima hakuna mtu mwingine aliyelikaribia.

“Tulifunue, kaka, tuone kama mbao za mawe za Amri zimo,” Hashabia akamwambia Yeieli.

“Alichunguliaye hufa. Umesahau?”

“Na kama tunakimbia na sanduku tupu?”

Bondeni farasi wa adui walisikika. Wakajitwika tena, Hashabia akilia bila kujua analilia nini. Kileleni upepo ukainua pindo la nguo, na wote wanne wakafumba macho.